Polisi kanisimamisha kwa kugusa mstari mweupe, halafu kapekua gari. Hii ni halali huku Ohio?

ghala_usiku

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa mawazo maana nyumbani kwetu hakulaliki. Niko Ohio, napiga shifti ya usiku ghalani. Wiki iliyopita nimetoka kazini na binamu yangu, usiku mnene, barabara tupu kabisa, polisi akatokea nyuma akatufuata muda mrefu tu bila kuwasha chochote, mi naendesha taratibu, mwishoni akawasha taa. Nikapaki pembeni. Akaja dirishani akasema nimegusa mstari mweupe wa pembeni ya barabara mara mbili. Sikuuvuka, na yeye mwenyewe kwenye karatasi kaandika nimeugusa, hajaandika nimevuka.

Akachukua leseni na bima akaenda kwenye gari lake, akarudi na karatasi ya onyo, hata sio faini, akanirudishia kila kitu. Mi nikajua yameisha. Hapo ndo akasema eti kabla hujaondoka, swali moja tu, kuna silaha au madawa humo ndani? Nikasema hapana sir. Akasema basi huna shida nikiangalia? Nikajibu sawa. Jamani mi nimekulia Tanga, askari akikuuliza kitu unaitikia, unamkataliaje mtu ana bastola kiunoni saa tisa za usiku?

Akatutoa nje, akafungua buti, akafungua begi la binamu. Ndani kuna pakiti ya tramadol, dawa ya maumivu, mama yake alimpa wakati anaondoka nyumbani kwa ajili ya mgongo, haina kopo wala cheti cha daktari. Pingu pale pale. Sasa yuko nje kwa dhamana, ana tarehe ya korti, na grini kadi yake bado mpya. Nachouliza ni hivi, kugusa mstari tu inatosha polisi kukusimamisha? Na mimi kusema sawa ndo nimemmaliza ndugu yangu? Na yeye ambaye alikuwa abiria tu anaweza kulalamika kuhusu kusimamishwa au ni mimi dereva tu? Kuna mtu kamwambia akubali kosa alipe faini yaishe.

msee_wa_kisauni

Pole sana bro, nimesoma hii nikaskia uchungu. Kitu cha kwanza kabla hata ya sheria: binamu asiongee hii stori na mtu yeyote kwa simu wala asiandike Facebook wala WhatsApp group ya familia, na akirudishwa ndani kwa sababu yoyote asieleze kesi kwa simu ya jela, hizo calls zinarekodiwa na mwendesha mashtaka anazisikiza. Na wewe pia ukipigiwa na polisi "kufafanua kidogo" usiende bila wakili. Hiyo ya kukubali kosa yaishe, mwambie asiguse hiyo kitu kabisa, atafutie wakili, na kama hana pesa siku ya korti aombe apewe mmoja.

mafaili_ya_kesi

Mkuu pole. Mimi sio wakili, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili na mafaili ya kusimamishwa barabarani yanapita mikononi mwangu kila siku, kwa hiyo chukua haya kama maswali ya kumpelekea wakili, yeye ndiye atakayeamua.

Kwenye faili lenu kuna maswali mawili na usiyachanganye. La kwanza, polisi alikuwa na sababu ya kukusimamisha? La pili, aliendelea kuwashikilia baada ya sababu hiyo kwisha?

Tuanze la kwanza. Sheria yote hii imezaliwa hapo hapo Ohio. Oktoba 1963 pale Cleveland, mpelelezi mmoja wa siku nyingi, Martin McFadden, aliwaona wanaume wawili wanapita dirishani kwa duka moja, wanachungulia, wanarudi kuteta kwenye kona, wanapita tena, jumla kama mara kumi na mbili hivi, akaja na wa tatu. Akahisi wanapanga kuvamia duka. Akawafuata, akawapapasa nguo kwa nje, akakuta bastola kwa wawili, mmoja wao John Terry. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1968 majaji 8 kwa 1 wakasema polisi anaweza kumsimamisha mtu kwa muda mfupi hata kama hana ushahidi wa kutosha kumkamata, ila lazima awe na shaka yenye msingi, yaani aweze kusimama mbele ya jaji ataje kitu alichokiona kwa macho yake. Kuhisi tu hakutoshi, "moyo wangu uliniambia" haitoshi. Jaji pekee aliyekataa ni Douglas, alisema wanampa polisi nguvu ambayo hata hakimu hana. Mimi kila nikisoma mafaili haya naona mzee aliona mbali.

Kwa magari kuna Delaware v. Prouse ya 1979, polisi hawezi kukusimamisha hivi hivi eti aone tu kama una leseni. Lazima kuwe na kosa la barabarani au shaka yenye msingi. (Vizuizi vya kupima walevi ni kitu kingine, vile viliruhusiwa 1990 kwa sababu kila gari linapita utaratibu ule ule.)

Sasa mstari mweupe. Hapa ndo nataka umpelekee wakili jina hili: State v. Turner, Mahakama ya Juu ya Ohio, Desemba 2020. Walisema wazi kwamba kwa ile sheria ya kukaa ndani ya njia, kuukanyaga au kuugusa mstari mweupe wa pembeni bila kuuvuka SIO kosa. Kuvuka ni habari nyingine, kesi ya Mays ya 2008 inasema ukiuvuka polisi anaruhusiwa kukusimamisha. Kwa hiyo hilo neno aliloandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya onyo ni mali, itunzeni, pigeni picha, msiikunje.

Tahadhari mbili. Moja, mwendesha mashtaka atasema polisi alikosea kuielewa sheria kwa nia njema, na kweli Mahakama ya Juu ya Marekani 2014 kwenye Heien v. North Carolina ilikubali kosa la namna hiyo likiwa la kueleweka, jamaa alisimamishwa kwa taa moja ya breki kuungua kumbe sheria ya jimbo wakati ule ilitaka taa moja tu iwake. Ila pale sheria ilikuwa na utata na hakuna korti ya juu iliyokuwa imeisema. Ohio imeshasema tangu 2020, wakili aking'ang'ania hapo ana pa kusimamia. Pili, usipoteze nguvu kuthibitisha kwamba alikufuata kwa sababu ya rangi yako au kwamba alikuwa anatafuta kisingizio. Najua inauma. Lakini kesi ya Whren ya 1996, majaji wote tisa, walisema kama kuna kosa la kweli la barabarani basi yaliyomo moyoni mwa polisi hayabatilishi kusimamishwa chini ya Marekebisho ya Nne ya katiba, yale yanayozuia kupekuliwa na kushikiliwa ovyo. Naichukia hukumu ile, imewafungulia mlango watu wa kukufuata mpaka ukosee. Kinachohesabika hapa ni kama kosa lilikuwepo, na kwenu inaonekana halikuwepo.

Binamu kama abiria: ndiyo, ana haki. Brendlin v. California, 2007, wote tisa tena, gari likisimamishwa abiria naye amesimamishwa na anaweza kupinga. Kama kusimamishwa kulikuwa haramu, kilichotokana nako wakili ataomba kizuiwe kisitumike kortini. Bila zile tramadol hakuna kesi.

ghala_usiku

Daah mkuu umenipa nguvu. Karatasi ninayo. Sasa hiyo ya "sawa" niliyomjibu, maana ndo inaninyima usingizi kuliko yote.

mkubwa_dayton

Mimi naona mnampa kijana moyo wa bure. Nimeendesha gari nchi hii miaka na miaka, ukimkatalia polisi anajua una kitu, atakuzungusha mpaka asubuhi, ataita mbwa, atakutafutia kosa. Ukiwa na adabu, huna kitu, mwache aangalie aende zake. Tatizo hapa sio polisi, tatizo ni kubeba dawa za nyumbani bila cheti. Tufundishane hilo kwanza.

mafaili_ya_kesi

Shikamoo mzee. La dawa uko sahihi na watu walishike, tramadol huku imewekwa kwenye dawa zinazodhibitiwa tangu 2014, ukiwa nayo bila cheti chako ni kosa hata kama nyumbani ulipewa na mama mzazi, na hapa wapo wengi wanazo kwenye pochi bila kujua.

Ila hilo la kukataa, hapana mzee, hapo naomba tutofautiane. Mahakama ya Juu ilisema 1991 kwenye kesi ya Florida v. Bostick kwamba kukataa kushirikiana peke yake hakuwi shaka yenye msingi. Na hili la mbwa, kuna kesi ya Rodriguez, 2015, ilitoka Nebraska: jamaa kasimamishwa usiku wa manane kwa gari kuingia pembeni ya barabara, kapewa onyo, makaratasi kayapata, halafu akazuiwa dakika saba nane hivi mpaka mbwa azungushwe. Korti ikasema 6 kwa 3 kusimamishwa kwa kosa la barabarani kunaisha pale kazi ya kosa lile inapoisha au ilipotakiwa iwe imeisha, huwezi kuongeza hata dakika chache kwa ajili ya mbwa bila shaka nyingine yenye msingi. (Rodriguez mwenyewe hakufaidika, kesi iliporudi chini wakasema polisi alifuata sheria ya wakati ule. Ila tuliobaki tumefaidika.)

Na hii imani kwamba polisi akihisi basi kuna kitu, tazameni New York. Mwaka 2011 polisi wa kule walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000 mitaani, na karibu tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa chochote. Wengi wao weusi na Walatino. 2013 jaji Shira Scheindlin akasema namna ile ya kusimamisha watu inavunja katiba. Polisi walihisi, na wengi wao hawakuwa na kitu.

Ghala_usiku, nakuja kwenye "sawa" yako. Hiyo sentensi ya "kabla hujaondoka, swali moja tu" karibu inafanana neno kwa neno na kesi nyingine ya Ohio, Robinette. 1992, kijana kasimamishwa kwa mwendo kasi kwenye eneo la matengenezo ya barabara, kapewa onyo, karudishiwa leseni, halafu kaulizwa hivyo hivyo kuhusu madawa, akakubali gari lipekuliwe, wakakuta bangi kidogo na kidonge. 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema polisi halazimiki kukwambia "sasa uko huru kwenda" kabla ya kukuomba ruhusa, jaji aangalie mazingira yote. Watu wengi wanaishia hapo wakidhani Robinette alishindwa. Lakini kesi ilirudi Ohio, na 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaangalia hayo mazingira yote na kusema ruhusa ile haikuwa ya hiari, mtu wa kawaida pale asingejua kwamba anaweza kuondoka. Kwa hiyo "sawa" yako haijammaliza mtu. Inategemea ilisemwaje, baada ya nini, na ulielewa nini.

mama_imani

Naomba niongezee hapo pa kuelewa. Mimi ni mkalimani, Kiswahili na Kiingereza, nimekaa kwenye korti nyingi za huku na naona watu wetu wanavyoangamia kwa heshima. Polisi anauliza swali, mtu wetu anasikia amri. Anajibu "okay sir" kwa sababu ndivyo alivyofunzwa na wazazi wake, na ndugu zetu wa Kongo ndo zaidi, mtu ametoka mahali ambapo askari akisema fungua begi hakuna kuuliza. Kisha kwenye ripoti inaandikwa kwamba dereva alitoa ruhusa kwa hiari yake. Inaniuma sana hii.

Jaji anapopima kama ruhusa ilikuwa ya hiari anaangalia mengi, umri, elimu, usiku au mchana, polisi walikuwa wangapi, leseni ilikuwa mkononi mwa nani, na lugha mnaelewana kiasi gani. Kwa hiyo kaka ghala_usiku kaa chini leo, andika kwa Kiswahili, usijilazimishe Kiingereza, kila kitu kwa mfuatano wake. Alisimama wapi? Taa za gari lake ziliendelea kuwaka baada ya kukupa leseni? Aliegemea mlango? Mkono ulikuwa wapi? Andika wewe na binamu kila mtu peke yake, msikae pamoja mkaandika kitu kimoja, na mkabidhi wakili peke yake. Halafu wakili aombe video mapema, ya kifuani na ya kwenye gari la polisi, kuna sehemu hazitunzwi muda mrefu.

Na siku ya korti binamu aombe mkalimani wa korti, ni kazi ya korti kumleta, wewe usimtafsirie hata kama Kiingereza chako kizuri. Mkalimani akija na Kiswahili ambacho binamu hakielewi aseme palepale, asitikise kichwa tu. Nimeona mtu wa Tanzania kaletewa Kiswahili cha Lubumbashi akaitikia kila kitu kwa adabu na hakuelewa nusu.

Mzee mkubwa_dayton adabu haipingani na kukataa. Unaweka mikono juu ya usukani, unamwita sir, unamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba hukubali gari lipekuliwe, na unamuuliza kama uko huru kwenda. Basi. Akisema toka nje ya gari unatoka, hilo anaruhusiwa tangu 1977, na abiria naye tangu 1997. Akipekua kwa nguvu humzuii kwa mkono wala humfokei, unarudia tu kwamba hujakubali, kamera inarekodi. Mapambano ni kortini.

mkubwa_dayton

Marahaba mwanangu mafaili. Dada mama_imani nimekuelewa. Hili la kusema hukubali huku umeshika usukani nitawaambia vijana wangu jioni hii.

nimetoka_goma

Mimi niko Kentucky. Mnaongea sana mambo ya pekuapekua lakini hatari kubwa ya huyu kijana ni makaratasi yake. Kosa la dawa inayodhibitiwa, hata dogo, kwa asiye raia linaweza kumtoa nchini. Kinachosamehewa kwenye sheria ya uhamiaji ni bangi kidogo ya kutumia mwenyewe mara moja, gramu 30 kushuka. Tramadol haimo. Kuna mzee aliitwa Padilla, dereva wa lori, alikuwa na grini kadi miaka zaidi ya 40 na alipigana Vietnam, alikamatwa huku kwetu Kentucky na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia usijali umekaa nchi hii siku nyingi, akakubali kosa, kumbe anafukuzwa. 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili LAZIMA amwambie mteja asiye raia kuhusu uhamiaji kabla hajakubali kosa. Basi aulize hilo wazi wazi, wakili wa jinai aongee na wakili wa uhamiaji.

Na ajihadhari na ile programu ya matibabu badala ya kutiwa hatiani. Inaletwa vizuri, unaambiwa ukimaliza kesi inafutwa. Lakini Ohio unakubali kosa kwanza ndo unaingia, na kwa uhamiaji kule kukubali kunahesabika kama umetiwa hatiani hata kesi ikifutwa baadaye.

msee_wa_kisauni

Hii ya @nimetoka_goma ndio usome mara mbili. Na swali langu kando kidogo, siku hizi hata watu wa uhamiaji wanasimamisha watu, nao pia wanahitaji hii shaka yenye msingi ama wao ni free?

mafaili_ya_kesi

Wanahitaji. 1975, Brignoni-Ponce, korti ilisema doria ya mpakani haiwezi kusimamisha gari kwa kuangalia tu sura za watu wanafanana na Wameksiko. Ila sasa hivi uwanja umeharibika, jaji wa Los Angeles mwaka 2025 alizuia kusimamisha watu kwa kutegemea tu asili yao, lafudhi yao, mahali walipo na aina ya kazi, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikasimamisha amri yake wakati kesi inaendelea. Jaji Kavanaugh wa mahakama hiyo akaandika kwamba asili peke yake haitoshi lakini inaweza kuwa kitu kimojawapo. Kwa mtu anayeongea Kiingereza chenye Kiswahili ndani yake hii sio habari ya mbali. Wenye grini kadi tembeeni nayo, mwenye miaka 18 kwenda juu sheria inamtaka awe nayo mwilini.

Ghala_usiku, bado swali moja sijakuuliza na naliona kubwa. Ruhusa ulitoa wewe, ya gari. Begi ni la binamu. Polisi alijua begi ni la nani kabla hajalifungua?

ghala_usiku

Alijua. Alipolitoa kwenye buti aliuliza hili la nani, binamu akasema langu. Akafungua zipu bila kumuuliza binamu chochote. Kamera ya kifuani ilikuwa na taa nyekundu inawaka, nimeiona mimi.

mafaili_ya_kesi

Hiyo mwambieni wakili kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya mstari mweupe. Ruhusa ya dereva kwa gari lake sio lazima ifike kwenye begi ambalo polisi ameshaambiwa ni la mtu mwingine aliyesimama pale pale na hakuulizwa. Sasa wakili atakuwa na vitu vitatu vya kuombea ushahidi uzuiwe: kugusa mstari sio kosa, mlishikiliwa baada ya onyo kutolewa, na begi. Video iombwe kesho asubuhi, usingoje tarehe ya korti.